Samaki Huyu Ametoka Maji Gani?

Nkt! Nilisonya kwa sauti hadi mama aliyekuwa jikoni akageuza shingo. Nilikuwa nimeketi kwenye kibanda cha samaki hapa Homa Bay, hatua chache kutoka gatini, meza imeelekea ziwa, upepo wa saa saba mchana ukiingia na harufu ya maji na moshi wa kuni. Mikono nilikuwa nimeshanawa kwa maji ya vuguvugu. Ugali ulishafika, bado unafuka, na kando yake sukuma wiki, kachumbari na kipande cha ndimu. Kisha samaki akaletwa. Nilimtazama, nikatandaza kiganja kando ya sahani, nikampima kutoka pua hadi mkia. Shubiri haikutimia. Bei yake shilingi 400.

Nikamwita kijana aliyenihudumia, nikamwuliza kwa upole, "Mwanangu, samaki huyu ametoka maji gani?"

Akatazama ziwa, akatazama jikoni, akanijibu, "Ni wa hapa tu, mzee."

Wa hapa tu! Ziwa lilikuwa mbele yetu sote wawili, limetulia, na hakuna aliyeweza kuniapia kwamba samaki aliye kwenye sahani yangu alitoka humo. Huenda alivuliwa usiku na mtu wa Mbita. Huenda alilelewa kizimbani. Huenda aliteremshwa kwenye lori lililovuka mpaka wa Isebania alfajiri, au alitolewa kwenye katoni ya barafu iliyosafiri kutoka China hadi Mombasa kisha ikapanda barabara mpaka huku kwetu. Nilimla, kwa kuwa chakula hakitupwi, na mama yule aliamka gizani kukitayarisha. Lakini lile swali halikumezeka. Nikaondoka nalo hadi kijiweni.

Kijiwe chetu kiko chini ya mti, pale waendesha boda wanapopumzikia na wastaafu wanaposomea gazeti moja kwa zamu. Siku hiyo alikuwepo mzee mvuvi, mzaliwa wa upande wa Suba, ambaye sote tunamwita Jaduong'. Alikuwepo mwalimu mstaafu. Alikuwepo mama anayeuza omena kwa gorogoro. Na alikuwepo kijana wa boda kutoka Migori, aliyekuja kumwona jamaa yake hospitalini. Nikawasimulia habari ya sahani yangu.

Jaduong' hakushughulika kwanza na udogo wa samaki. Alishughulika na jina.

"Uliagiza nini?"

"Ngege."

"Nani alikwambia huyo ni ngege?"

Nikanyamaza, maana nilijua anakokwenda. Ngege wa asili, yule waliyemla babu zetu, pamoja na nduguye mbiru, wamepungua mno katika ziwa hili kiasi kwamba kijana wa leo anaweza kuzeeka bila kuwaona. Samaki tunayemwita ngege mezani leo ni nyamami, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 akitokea maji mengine, akafaulu kuliko wenyeji. Jina limebaki, mwenye jina amekwenda. Jaduong' anasema ladha si moja. Anasema ngege wa utotoni mwake alikuwa na mafuta, ukimchemsha kwa chumvi na maji peke yake mchuzi unatosha, na nyanya ilikuwa kumharibu. Mimi sikumwonja huyo. Naamini ulimi wa mzee.

Mwalimu akaongeza la kwake, na hili inafaa kila mwenye kibanda alijue. Mpaka mwanzo wa karne iliyopita watu wa Ghuba ya Winam walivua kwa migono ya kusuka, kwa ndoana na kwa kuziba midomo ya mito samaki wanapopanda kutaga. Mwaka 1905 zikaja nyavu za kutega za Wazungu. Samaki wakamiminika, kisha wakaanza kupungua. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza mmoja, Michael Graham, alifanya utafiti wa uvuvi katika ziwa zima, akashauri tundu la wavu lisipungue inchi 5. Kanuni ikawekwa, baadaye ikalegezwa, na ziwa likalipa gharama. Leo tena kanuni ya nyavu za ngege ni inchi 5. Yaani tunabishana juu ya inchi zilezile kwa karibu miaka 100, na bado samaki asiyefika shubiri anafika mezani.

Kwa nini inchi? Jaduong' alieleza kwa mikono yake miwili, akikunja vidole kuwa tundu. Mama nyamami hatagi akaenda zake. Huyaokota mayai, akayaweka mdomoni, akayalea humo mpaka yaanguliwe, na hata vifaranga vikianza kuogelea, vikiona hatari hurudi mdomoni mwa mama. Kwa siku hizo zote mama hali vizuri. Sasa mvute huyo kwa wavu wa tundu dogo kabla hajazaa hata mara moja. Au mkokote kwa kokoro, ule wavu mrefu wa kuburuta hadi ufuoni uliopigwa marufuku, unaosomba kila kitu na kuvuruga mazalio yaliyo kwenye maji ya kina kifupi. Umekula samaki mmoja na kijiji chake.

Ndiyo maana nasema samaki mdogo mezani si suala la tumbo langu kutoshiba. Wataalamu wa ziwa wameweka kipimo: ngege asipungue sentimita 25. Ni shubiri ya mtu mzima na vidole viwili. Mbuta avuliwe akiwa kati ya sentimita 50 na 85. Wengi hushangaa kwa nini mkubwa kupita 85 naye aachwe. Aachwe kwa sababu mbuta wakubwa wengi ni majike, na hao ndio wanaolijaza ziwa. Kipimo kipo. Rula ndiyo haipo vibandani.

Tulipomtaja mbuta, kijiwe kikachemka.

Mbuta naye ni mgeni. Alimwagwa ziwani upande wa Uganda miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaongezwa rasmi hata upande wetu. Kwa muda alikuwa kimya. Miaka ya 1980 akalipuka. Aliwala fulu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi waliokuwa wa aina mamia, na watafiti wanakadiria kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka. Waliokuwa wakila fulu wa kukaushwa vijijini wakajikuta hawana fulu. Walakini mbuta alileta fedha. Viwanda vya minofu vikaja, malori ya barafu yakaanza kushuka fuoni, na mvuvi aliyekuwa akiuza kwa mama wa jirani akapata mnunuzi mwenye mizani na noti.

Hapo ndipo sahani ya mji wa ziwa ilipoanza kuhamishwa. Mnofu ukapanda ndege kwenda Ulaya. Kwetu kikabaki kichwa, mgongo na mkia, ile mifupa yenye nyama kidogo tunayoiita mgongo wazi. Wenzetu wa Mwanza huiita mapanki. Watu wengi walilelewa kwa mgongo wazi uliokaangwa hadi mifupa ikavunjika kama kaukau, na simdharau aliyeula, kwa kuwa uliwavusha wanafunzi na wajane wengi. Ninachokidharau ni mpango unaomfanya mtoto wa Sindo aijue mifupa ya mbuta na asiujue mnofu wake.

Jaduong' anaukumbuka vizuri mwaka 1999, Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa ziwa hili baada ya kusikika kwamba kuna wanaovua kwa sumu. Bei ya mbuta fuoni ikaanguka. Watu wakala minofu. Anasema wiki hizo watoto wake walikula mbuta kama wana wa tajiri, na yeye akashindwa kulipa karo. Sikuwahi kusikia maelezo mafupi na makali kuliko hayo kuhusu namna tulivyofungwa: samaki akienda, tunakosa kitoweo, na akibaki, tunakosa fedha.

Kijana wa Migori alikuwa ametulia muda wote, kofia ya boda magotini. Akasema, "Wazee, nyinyi angalau mnaliona ziwa."

Ana haki. Wengi wakisikia Migori hufikiria mji ulio kwenye barabara kuu ya kwenda Isebania, miwa ya Awendo na machimbo ya dhahabu ya Macalder. Wanasahau kwamba kaunti hiyo ina ufuo wake: Sori kwenye Ghuba ya Karungu, na Muhuru kule mwisho kabisa, jirani na Tanzania. Ni kutoka upande huo wavuvi huelekea Migingo, kile kisiwa cha mawe kisichofika hata ekari moja, kilichotufanya sisi na Waganda tukunjiane ngumi mwaka 2009, watu wamebanana juu ya mwamba kwa ajili ya mbuta wa kilindi kilicho karibu. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa lenye kilomita za mraba 68,800. Tanzania na Uganda zimegawana zilizobaki. Wavuvi wetu wengi, maji yetu kidogo. Ndiyo maana mtu wa Muhuru anaweza kuitwa mhalifu kwa kufuata wavu wake uliosukumwa na mkondo.

Basi kijana anasema mbuta mzuri akifika Sori, anapandishwa kwenye lori la barafu palepale, na lori hilo linaupita mji wa Migori bila kusimama. Samaki wanaobaki kuja kuuzwa mjini ni wadogo, au waliolala. Mchimba dhahabu akitoka shimoni na fedha yake mfukoni, aketi hotelini aagize samaki, analetewa aliyechelewa. Na omena wengi anaowaona sokoni Migori, hasa kati ya Aprili na Julai uvuvi wa omena ukifungwa upande wetu ili wazaliane, ni dagaa wa Musoma na Mwanza waliovuka mpaka. Mimi sina ubaya na dagaa wa jirani. Ziwa ni moja na samaki hana pasipoti. Lakini mwuzaji aseme hivyo: hawa ni wa Musoma.

Mama wa omena hapo alinyanyua mkono. Akasema tumewasema wavuvi, tumevisema viwanda, na muda si mrefu tutawageukia akina mama wa vibanda kwamba wanatuuzia samaki wadogo, kwa hiyo kabla hatujafika huko tumsikilize.

Tulimsikiliza. Na mimi nimeandika makala haya zaidi kwa sababu ya aliyosema yeye.

Mama wa kibanda huamka saa tisa usiku. Hufika ufuoni mashua zikirudi. Hapo hakuti soko huria kama tunavyofikiri sisi tunaokuja saa saba mchana tukiwa na njaa. Hukuta samaki ambao tayari wana wenyewe. Wakala wa kiwanda alimkopesha mvuvi nyavu, au injini, au petroli ya safari ya jana, na deni hulipwa kwa mbuta, kwa bei anayoitaja aliyekopesha. Wale ngege wakubwa wamewekewa oda na mahoteli ya Kisumu na Nairobi, watu wanaolipa kwa simu kabla mashua haijafunga kamba. Kinachobaki ndicho anachouziwa yeye. Akikikataa kwa sababu ni kidogo, kibanda hakifunguliwi, na watoto hawali. Akikinunua, mimi namsonyea mchana.

Na bado hajakutana na jambo gumu zaidi. Kuna neno kwetu, jaboya. Mwenye kuishi kando ya ziwa hili hahitaji kufafanuliwa. Ni ile desturi mbaya ya mvuvi kumtaka mwanamke mwili wake kabla ya kumpa samaki, hata kama fedha anazo mkononi. Mama alilitaja neno hilo mara moja tu, akitazama chini, na sisi wanaume watatu wazee tukakosa pa kuweka macho. Ukimwi umezika watu wengi katika kaunti hizi mbili, Homa Bay na Migori, na sehemu ya njia uliyopita ni hii. Upande wa Kisumu, katika kijiji cha Nduru, wanawake walijikusanya miaka ya 2010 wakapata mashua zao wenyewe, wakawaajiri wavuvi, wakawa wao ndio wenye samaki. Mwaka 2020 ziwa lilifura kupita kile kimo cha mwaka 1964 ambacho wazee walikuwa wakikihadithia, likakimeza kijiji chao na kuwavuruga. Lakini walishaonyesha kwamba inawezekana. Mwanamke mwenye mashua haombi samaki.

Kwa hiyo siku nyingine ukiona samaki wa kibandani ni ghali, jua kwamba kuna bei ambazo haziandikwi ukutani.

Halafu mafuta ya kukaangia yamepanda. Kuni zimepanda. Gugu maji nalo, ambalo lilianza kuonekana upande wetu karibu na mwaka 1990 na halijawahi kwisha, likisukumwa na upepo likaziba ghuba, mashua hazitoki na hazirudi. Nimewahi kuona gati ya Homa Bay imezingirwa na majani mabichi mpaka ungedhani ni malisho ya ng'ombe. Siku hizo vibanda hupika mayai.

Omena wenyewe, kitoweo cha mnyonge, anayeloweshwa kwa maji ya moto, akakaangwa, akapigwa nyanya na kitunguu, na kwa mwenye bahati akamaliziwa kwa siagi ya kienyeji, naye amepata mnunuzi mwenye nguvu kuliko binadamu. Sehemu kubwa ya omena wa ziwa hili huishia kwenye viwanda vya chakula cha mifugo. Mama anasema anashindana na kuku. Alisema hivyo bila kucheka, na hakuna aliyecheka.

Mwalimu aliuliza: basi vizimba si ndilo jibu? Swali la haki. Kwa muda wa miaka kumi hivi ufugaji wa samaki katika vizimba ziwani umekua haraka sana, na mojawapo ya mashamba makubwa kabisa, Victory Farms, liko hapahapa kaunti ya Homa Bay, ufuo wa Roo. Samaki wa kizimba amekuja kuokoa sahani nyingi. Ukimnunua asubuhi, ni mbichi, ana unene, na ukubwa unaufahamu. Mimi namla na nitaendelea kumla. Jaduong' ana wasiwasi wake: vizimba vikisongamana kwenye ghuba yenye maji yasiyotembea, chakula kinachozama na kinyesi huozesha chini, hewa ya majini hupungua. Mwishoni mwa mwaka 2022 samaki wengi wa vizimba walikufa kwa wakati mmoja upande wa Kisumu, wakaelea, na wafugaji wakalia. Ziwa lina kiasi chake.

Ila samaki wa kizimba si aibu. Aibu ni kumtoa kizimbani na kumwita wa nyavu. Vivyo hivyo samaki wa barafu kutoka China. Mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta alisema waziwazi kwamba samaki hao wazuiwe, biashara ya wavuvi wetu ilindwe, na maneno yakawa mengi kati ya Nairobi na Beijing. Mama wa kibanda anayemnunua hana kosa. Katoni ina bei moja, samaki wote sawa, haina wakala wala jaboya. Nikiwa mahali pake huenda ningemnunua. Ninachotaka ni aniambie. Mimi ni mteja wake, si askari wake.

Sasa niseme lililoniuma zaidi.

Tarehe 1 Juni 2025 Homa Bay ilikuwa mwenyeji wa Sikukuu ya Madaraka, kitaifa, katika Uwanja wa Raila Odinga. Mada ya mwaka ilikuwa uchumi wa buluu. Mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli tulipona kidogo: barabara zilipata lami, vyumba vilijaa, waendesha boda hawakulala. Kila mgeni alitaka kitu kimoja, samaki wa ziwa. Hakuna aliyekuja Homa Bay kutafuta kuku. Na samaki walipatikana, kwa vyovyote walivyopatikana. Hotuba zilitolewa kuhusu bandari, meli na mabilioni yaliyolala majini. Mimi niliyasikiliza yote na niliyataka yote. Lakini uchumi wa buluu, ukiuteremsha kutoka jukwaani hadi mezani, ni mama mwenye kibanda na samaki mmoja mwenye sentimita 25. Huyo asipopatikana, hatuna tulichopata.

Nina hofu, na nitaisema. Kisumu palikuwa na mahali panaitwa Lwang'ni, ufuoni, ambako watu wa kila daraja walikaa kwenye viti vya plastiki wakala samaki mzima kwa mikono. Jina lenyewe ni nzi kwa Kijaluo, na hao hawakukosekana, lakini ungemkuta mbunge na msukuma mkokoteni meza moja. Wakati bandari ilipokarabatiwa, vibanda vile vilibomolewa. Bandari ilihitajika, nakubali. Ila mji ukipoteza mahali ambapo mtu wa kawaida anakula samaki akiliona ziwa, umempa mgeni ufuo na kumwachia mwenyeji harufu. Homa Bay inakua. Mbita inakua, tangu daraja liiunganishe vizuri na Rusinga wageni ni wengi kila wikendi. Mipango ikichorwa, vibanda vichorwe humo kabla ya hoteli za vioo: paa, maji ya bomba, choo, mahali pa kutupa magamba, na barafu.

Barafu hasa. Mvuvi asiye na barafu hana sauti ya bei. Samaki wake anaanza kuharibika jua linapochomoza, na wakala anajua, kwa hiyo anangoja. Mama wa kibanda asiye na barafu naye lazima auze wote leo au awakaange mara mbili. Chumba cha baridi kwenye kila ufuo mkubwa, Sori, Muhuru, Sindo, Mbita, Kendu Bay, kikiwa mikononi mwa wavuvi na akina mama wenyewe kupitia kamati zao za fuo, zile tunazoziita BMU, kingebadilisha sahani yangu kuliko jambo jingine lolote. Kaunti zote mbili zina idara za uvuvi. Wakuu, tunaomba. Tumewapigia kura, na tunakula mnachotuachia.

Na jambo la pili halihitaji bajeti. Kila kibanda kiweke ubao wa chaki. Leo: ngege wa nyavu, Rusinga. Leo: ngege wa kizimba, Roo. Leo: samaki wa barafu, China. Bei mbele ya kila mmoja. Mwenye fedha atachagua, asiye nazo atachagua, na hakuna atakayedanganywa. Mama wa omena alisema akiwekewa ubao kama huo, yeye atakuwa wa kwanza kuandika "omena wa Musoma", kwa kuwa amechoka na uongo anaotakiwa kuusema kila siku na wateja wanaotaka kusikia "wa hapa".

Hilo lilinigusa. Sisi wateja tumechangia. Tunaketi, tunapiga makofi kuita mhudumu, tunataka samaki mkubwa, wa leo, wa ziwa, wa bei ya chini, ndani ya dakika kumi, na tukiambiwa hakuna tunavuka barabara kwenda kwa jirani. Kwa hiyo tunaambiwa yupo.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima, ile nuru nyekundu ikilala juu ya maji, na mashua za omena zilianza kutoka na taa zao, moja moja, mpaka ukadhani kuna mji mwingine kule mbele. Kijana wa Migori akavaa kofia yake. Jaduong' aliendelea kutazama zile taa akizihesabu, ni mazoea yake, kisha akasema maneno mawili kwa Kijaluo na kuinuka. Alisema ni chache.

Nawe msomaji, ukifika Homa Bay, Mbita, Sori au Muhuru, usiketi kwanza. Nenda jikoni, msalimie mama, omba uonyeshwe samaki angali mbichi. Mtazame macho, mfunue matamvua uone kama bado ni mekundu. Tandaza kiganja umpime. Asipofika shubiri na vidole viwili, mwambie mama kwa heshima kwamba leo utakula mboga au omena, na kwamba kesho utarudi akikuwekea aliyekomaa, na umlipe bei yake bila kubishana. Mwulize ametoka maji gani. Ukijibiwa "wa hapa tu", uliza tena: hapa wapi?